Walicheza ‘chizi’, kumbe walikuwa wanamcheza mjomba wetu

Makambako. Mwezi Juni baridi ya Makambako haina utani. Ni saa mbili usiku, sebuleni kwa mama mdogo, na kila aliyeketi ana blanketi au kitenge begani. Jiko la mkaa limewekwa karibu na mlango, na mlango umeachwa wazi kidogo, kwa sababu kila nikija kutoka Njombe huwa nawakumbusha kuwa hewa ya mkaa huua watu waliofunga mlango wakalala. Mezani kuna sufuria ya viazi vya kuchemsha, chupa ya chai, kaunta buku mbili, penseli na dadu.

Vijana watano wamezunguka meza. Hawachezi ludo wala karata. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo aliyepo likizo kutoka chuo kimoja Iringa, ndiye anayeongoza.

“Mmeshuka kwenye lori pale njia panda ya Songea. Ukungu umetanda, hamuoni hata hatua kumi mbele. Mnafanya nini?”

Mdogo wake wa kike, yuko kidato cha nne, anasema anakwenda kumuuliza mama anayeuza maandazi kama ameona mtu akipita. Anarusha dadu. Namba ni kubwa, kwa hiyo mama wa maandazi anamjibu vizuri, na hadithi inasonga mbele. Kijana wa jirani anasema yeye anajificha nyuma ya tairi. Anarusha, namba ni ndogo, anaonekana. Wote wanacheka.

Kisha akatokea adui. Walimwita Sabasaba, kwa kuwa ndani yake wanaishi watu saba. Analala kwenye behewa bovu kando ya reli ya Tazara. Mmoja wa wale saba anakusalimia “kamwene” kwa upole, mwingine anakukata koo. Amevaa koti refu la kijani hata jua likiwaka, na anahesabu malori yanayopita kwa sauti: moja, mbili, tatu, bila kukosea.

Msimulizi alikuwa hodari. Alibadilisha sauti, akakunja shingo, akazungusha macho. Vijana walicheka hadi chai ikamwagika. Nakiri kuwa na mimi nilicheka.

Mama mdogo alikuwa jikoni. Alikuja akasimama mlangoni, taulo la vyombo mkononi, akamtazama mwanaye.

“Hilo koti ni la nani?” aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Tulijua wote. Koti ni la mjomba, kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja. Na anayehesabu malori ni yeye.

Mchezo wenyewe ni upi

Kwa mzazi ambaye hajawahi kuuona, mchezo huu ni wa kusimulia hadithi kwa pamoja. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: jina, kazi, anachokiweza, anachokiogopa. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu linaamua kama limewezekana. Hakuna kombe. Hadithi inaweza kuendelea kwa wiki na hata miezi.

Ulioufanya mchezo wa aina hii ujulikane duniani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Vijana wa Makambako hawana kitabu chake. Mdogo wangu alijifunza kwa wenzake chuoni, wakaacha ngome na mazimwi, wakaweka malori, misitu ya mbao na ukungu wa kwetu. Kwa mtazamo wa afya, ni jambo jema kuona vijana watano wanakaa pamoja jioni nzima, wanazungumza, wanapanga, wanasubiriana zamu.

Kuigiza si jambo geni kwetu. Nani hakucheza baba na mama akiwa mdogo, akapika udongo kwenye kifuniko cha chupa? Mtoto akicheza hivyo anaonyesha alichokiona nyumbani. Akiigiza baba anayepiga meza, ameliona mahali. Usiku ule vijana nao walionyesha walichokiona, ila walichokiona walikuwa wamekiona nusu.

Katika michezo hii ipo historia ya namna “wazimu” ulivyoandikwa. Mwaka 1981 ulitoka mchezo uitwao Call of Cthulhu, wa hadithi za kutisha. Humo kila mhusika ana alama za akili timamu. Kila anapoona jambo la kutisha, alama zinaweza kupungua. Zikifika sifuri, mchezaji ananyang’anywa karatasi yake na mhusika anakuwa mali ya msimulizi.

Mdogo wangu aliponieleza kanuni hiyo nilitulia kwanza. Kwa mchezo wa kuogofya inaeleweka, hofu yake iko hapo. Lakini nilimfikiria mjomba. Alipougua, na yeye alinyang’anywa karatasi.

Karatasi ya mjomba

Alikuwa na miaka 24, anafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao. Ilianza kwa kukosa usingizi. Kisha akasema misumeno inataja jina lake. Akaacha kwenda kazini, akaanza kumshuku jirani, akaacha kula chakula alichopika mtu mwingine.

Familia ilifanya kile familia nyingi hufanya. Tulianza na maombi, tukaenda kwa mganga, tukarudi kwenye maombi. Katikati ya hapo kuna siku mbili ambazo mjomba alifungwa kamba kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi. Watu waliomfunga walikuwa wanampenda. Nilikuwa na miaka 15, nilimpelekea uji, na sikumwambia neno.

Hospitali ilikuja mwishoni. Huko ndiko tulikoambiwa ni skizofrenia, na kwamba ina dawa. Dawa za kwanza zilimfanya atetemeke na kulala mchana kutwa, akaziacha, akaugua tena. Baada ya kubadilishiwa, na sasa akichoma sindano kila mwezi, ana miaka mingi hajalala chumba cha mahindi. Analima viazi kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe.

Ila jambo moja halikurudi upesi kama afya yake. Watu waliacha kuzungumza naye. Wakifika nyumbani wanamuuliza bibi, yeye akiwa ameketi palepale: “Huyu anakula? Analala? Bado anaongea peke yake?” Mtu wa miaka 30 na kitu anaulizwa kupitia kwa mama yake kama mtoto wa chekechea. Akikasirika, wanasema ugonjwa umerudi. Akicheka, wanasema ugonjwa umerudi.

Hilo ndilo ninaloliita kunyang’anywa karatasi. Mtu yupo, lakini zamu yake inachezwa na wengine.

Nafsi nyingi ni jambo jingine

Usiku ule, mama mdogo aliporudi jikoni, nilimuuliza mdogo wangu wale watu saba aliwatoa wapi, maana mjomba hana watu saba. Akasema kwenye filamu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Nilipomdadisi niligundua ni Split, ya mwaka 2016, ambamo kijana mwenye nafsi 23 anateka wasichana, na nafsi ya 24 ni mnyama. Filamu Psycho ya mwaka 1960 ilishatangulia njia hiyohiyo: mtu mwenye nafsi mbili, na mojawapo inaua. Kwa zaidi ya nusu karne watazamaji wamefundishwa kuwa mwenye wengine ndani yake ana kisu mfukoni.

Ukweli wa kitabibu ni tofauti. Skizofrenia haina maana ya mtu kugawanyika kuwa watu wawili. Ni ugonjwa ambao mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini mambo yasiyokuwepo, au mawazo yake kukosa mpangilio. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, umri uleule aliougua mjomba. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema humpata takribani mtu 1 kati ya 300, na kwamba angalau mtu 1 kati ya 3 wanaougua anaweza kupona kabisa.

Kuwa na nafsi zaidi ya moja ni hali nyingine, na inatambuliwa katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 1, 2022. Mwenye hali hii ana nafsi mbili au zaidi zinazopokezana kuongoza mwili na kumbukumbu. Anaweza kukuta saa tatu za siku hazikumbuki, au kukuta amenunua kitu asichokijua. Mara nyingi chanzo kinahusishwa na mateso makubwa ya utotoni: mtoto asiye na pa kukimbilia, akili yake hulitenga lile asiloweza kulibeba, likabebwa na “mwingine”. Kwa hiyo wengi wao ni watu walioumizwa, si watu wanaoumiza. Kwa ujumla, watu wenye matatizo ya akili wana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko kuufanya.

Wapo pia wanaoishi na nafsi nyingi ambao hawapendi hali yao iitwe ugonjwa. Hujitaja kwa “sisi”, wamepangiana majukumu ndani yao, na wanachokiomba kwa daktari ni kusaidiwa kuishi kwa amani, si kufutwa wakabaki mmoja. Si lazima msomaji aelewe kila kitu ndipo aheshimu. Mtu akikwambia “leo unaongea na fulani”, kumwitikia kwa adabu hakukugharimu kitu.

Na kwetu kuna kupagawa. Orodha hiyohiyo ya WHO inaeleza kuwa kupagawa kunahesabiwa kuwa tatizo la kiafya pale tu kunapomjia mtu bila hiari yake, kukamtesa au kukamvurugia maisha, na kukiwa nje ya mila au ibada inayokubalika kwa jamii yake. Anayepandisha pepo ngomani, akamaliza akarudi kupika, hajaumwa kwa sababu hiyo. Nimeona niliseme hili kwa sababu wazazi wengine wakisikia “watu saba ndani yake” watakimbilia kusema mchezo unaita mapepo. Dadu halimwiti mtu. Lakini mchezo unaweza kumdhalilisha mtu, na hilo ndilo la kuangalia.

Wetu waliotangulia

Mdogo wangu alijitetea kuwa hadithi isiyo na adui haina ladha. Ni kweli. Lakini kumpa mhusika sauti mbili bila kumfanya mnyama au kichekesho kumewezekana hapahapa kwetu, tena zamani.

Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile mwaka 1969. Mhusika wake mkuu ni yule Kinjeketile wa Ngarambe, wa Vita vya Maji Maji, vita vilivyofika hadi huku Ubena na misheni ya Yakobi ikashambuliwa mwaka 1905. Katika tamthiliya, mzimu wa Hongo unasema kwa kinywa chake. Kisha anabaki yeye, mtu wa kawaida, akiyapima maneno yaliyotoka mdomoni mwake, na kuyaogopa. Mtazamaji hamcheki. Anamhurumia na anabishana naye, kwa sababu Kinjeketile amebaki na akili yake, hofu yake na uamuzi wake.

Mwaka 1971 Hussein akatoa Mashetani. Humo vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wao wenyewe: mmoja shetani, mwingine binadamu. Mchezo unakwisha, lakini Kitaru haachwi nao. Anasumbuka, na wazazi wanahangaika kumtafutia tiba. Mwandishi alishaona miaka zaidi ya 50 iliyopita kile wachezaji wa leo wanajadili: mchezo wa kuigiza unaweza kugusa kidonda halisi cha aliyeketi mezani.

Tofauti na hapo, kwenye filamu zetu nyingi chizi ni yuleyule. Nywele timutimu, matambara, chupa za maji shingoni, anaokota makopo, anatokea dakika mbili kuchekesha watu. Au amelogwa na mama mkwe, na siku mama mkwe akiumbuka, yeye anapona hapohapo. Mtaani nako ukikosea kidogo unaambiwa “wewe ni wa Mirembe”. Hospitali hiyo ya Dodoma imewahudumia wagonjwa tangu mwaka 1927. Lakini jina lake limekuwa tusi, na tusi hilo ni sababu mojawapo ya mtu kuogopa kwenda kutibiwa.

“Mlisema tusimkaribie”

Mama mdogo alirudi sebuleni baada ya kumaliza vyombo. Nilitarajia ugomvi. Alikaa, akamega kiazi, akamuuliza mwanaye kwa nini amemfanya mjomba wake muuaji.

Kijana alikuwa amejiinamia. “Mama, nilikuwa na miaka minane alipoishi hapa. Nilikuwa namuogopa. Mlisema tusimkaribie, mkatufungia chumbani. Hakuna aliyetuambia anaumwa nini. Mpaka leo hamjasema.”

Mama mdogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Na mimi nilikuwa namuogopa.”

Nimeandika afya kwa miaka kadhaa, nimehudhuria semina, najua takwimu. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani, watu milioni 970, aliishi na tatizo la afya ya akili. Naandika hivyo gazetini halafu nyumbani kwetu, kwa miaka 13, hakuna aliyemkalisha mtoto akamwambia: mjomba wako ana ugonjwa, jina lake hili, hauambukizi kwa kugusana, anatumia dawa, ukimuona anaongea peke yake usikimbie. Tulimwachia mtoto ajaze mwenyewe. Akajaza kwa filamu.

Usiku ule tuliwaambia. Kijana wa jirani aliuliza kama mtu akisikia sauti ndiyo basi tena. Aliuliza mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Nikamwambia hapana, nikamweleza mahali pa kuanzia akiwa na wasiwasi juu yake mwenyewe au mtu wake. Hakusema ni nani. Sikumuuliza mbele ya wenzake.

Walivyobadilisha

Walitaka kumfuta Sabasaba kabisa. Niliwaambia kumfuta nako ni kumfungia chumbani. Basi wakamrekebisha, na kwa yaliyonipita nitoe wanayoyafanya sasa, kwani yanamfaa mzazi, mwalimu wa klabu ya maigizo na mtunzi wa vichekesho pia.

Kwanza, waliondoa koti na kuhesabu malori. Tabia za mgonjwa unayemfahamu si zako kuzichezea bila ruhusa yake.

Pili, waliamua Sabasaba ana hali gani hasa. Wakachagua nafsi nyingi, wakazipunguza kutoka saba hadi tatu, na kila moja ikapewa jina, umri na jambo inalolitaka. Mmoja ni mlinzi, mkali kwa wageni kwa kuwa aliwahi kuumizwa. Mmoja ni mtoto anayeogopa giza. Mmoja ni fundi wa redio. Jina Sabasaba limebaki la utani, na sasa ni mtu wanayehitaji msaada wake ili kuvuka reli.

Tatu, kisu kiliondoka. Mhusika mwenye ugonjwa anaweza kukosea, kukasirika, hata kusema uongo, kama mtu mwingine yeyote. Lakini ubaya wake usitokane na ugonjwa, na wema wake pia usitokane na ugonjwa. Mgonjwa hajawa malaika wala nabii kwa kuumwa.

Nne, kabla ya kuanza wanakubaliana mambo yasiyoingia mchezoni. Binti wa kidato cha nne alisema hataki watoto wapotee kwenye hadithi. Njombe bado inakumbuka mauaji ya watoto ya mwanzoni mwa mwaka 2019, na wakati huo yeye alikuwa shule ya msingi. Wenzake walikubali bila swali.

Tano, katikati ya meza wanaweka kipande cha karatasi chenye alama ya X, mbinu iliyobuniwa na mchezaji mmoja wa Marekani, John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa wakati huo linaachwa, na haulizwi sababu. Mezani huwezi kujua nani nyumbani kwake kuna nini.

Sita, hakuna anayenyang’anywa karatasi kwa sababu mhusika wake ameugua. Akiugua, mchezaji wake ndiye anayesema anahisi nini, anataka nani akae naye, anakwenda kutibiwa au anasita. Wenzake wanajifunza kumsindikiza.

Niongeze la kwangu. Mchezo si tiba. Ukimuona ndugu halali siku kadhaa, anasikia sauti, anajitenga ghafla, anapoteza kumbukumbu za saa nzima, au anasema afadhali afe, usisubiri imalizike yenyewe. Anza kituo cha afya kilicho karibu, watakuelekeza kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa. Anayesema anataka kufa usimwache peke yake, na ondoa karibu yake dawa za shambani na vitu vya hatari. Usimfunge kamba. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa amepata nafuu au kwa kuwa ameambiwa ameombewa. Maombi na dawa havigombani. Dawa zikimtesa arudi kwa daktari, zipo nyingine.

Siku tuliyokwenda kijijini

Wiki mbili baadaye tulipanda kosta hadi Njombe, kisha bodaboda. Mjomba alikuwa uani anachambua viazi vya mbegu, amevaa koti lake.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Kamwene. Leo mmekuja wengi, kuna msiba?”

Mdogo wangu alimweleza mwenyewe, bila mimi kumsaidia. Alimwambia kuhusu mchezo, adui, koti. Alisema samahani. Mjomba alisikiliza huku akiendelea kuchambua: vidogo huku, vilivyooza kule.

Alisema koti analivaa kwa sababu lina mfuko wa ndani wenye zipu, na humo ndimo anamoweka kadi ya kliniki. Aliwahi kuipoteza mara moja na hataki tena. Na kuhesabu, alisema, aligundua mwenyewe wakati ule anaishi Makambako kwamba akihesabu kitu kwa sauti zile kelele zinapungua. Malori ya barabara ya Songea yalimsaidia sana, maana hayaishi. Siku hizi majirani wakipakia viazi humwita kuhesabu magunia, kwa kuwa hakosei.

Miaka 13, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

“Kwa hiyo huyo mtu wenu wa relini si mimi tena?” aliuliza.

“Si wewe tena, mjomba.”

“Basi nitengenezeeni wangu.”

Mdogo wangu alichana karatasi kwenye kaunta buku akampa na penseli. Mjomba alifuta mikono kwenye suruali, akaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaandika taratibu. Kwenye jina aliweka la utani aliloitwa utotoni. Kwenye kazi akaandika: dereva wa lori. Kwenye anachokiogopa akafikiri kidogo, akaandika: kulala njaa, na mbwa. Hakuandika ugonjwa, na hatukumwambia aandike.

Tulicheza palepale uani, bibi akitazama na kuuliza kila mara nani anashinda. Mjomba alirusha dadu vibaya karibu mara zote, lori lake likazama kwenye tope mara mbili, akacheka. Baada ya kama saa moja akagusa ile karatasi yenye X. Akasema amechoka, kelele zimekuwa nyingi.

Tukakusanya penseli. Karatasi yake aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani, pamoja na kadi.